Bentancur, Son na utani uliogharimu mechi 7: kisa kizima kama kilivyobishaniwa huku Mtwara

Tuanze na klipu yenyewe maana watu wengi huku wanabishana kuhusu hiki kisa na hawajawahi kuiona, wamesimuliwa tu. Ni mwezi wa 6 mwaka 2024, ligi ya Uingereza imeshaisha, Rodrigo Bentancur kiungo wa Tottenham anahojiwa na kipindi kimoja cha televisheni ya Uruguay kinaitwa Por la Camiseta. Mtangazaji ni Rafa Cotelo, mahojiano yenyewe ni ya kupiga stori kishkaji, sio yale ya kukaa kwenye meza na tai. Jamaa anaomba jezi ya Tottenham, tena anataka ya yule Mkorea. Bentancur anamuuliza, ya Sonny? Halafu anaongezea kwamba inaweza ikawa hata ya binamu yake Sonny, maana wale wote si wanafanana tu. Basi, sekunde chache, maongezi yakasonga kama hakuna kilichotokea.

Sonny ndo Son Heung-min, Mkorea aliyekuja Tottenham mwaka 2015 akitokea Bayer Leverkusen, na wakati huo ndiye kapteni wa timu. Yaani mwamba kamtania kapteni wake mwenyewe, hayupo pale, mbele ya kamera, kwa Kihispania, akiamini anaongea na watu wa nyumbani kwao. Klipu ikatoka kwenye Kihispania ikaingia kwenye Kiingereza, ikaingia kwenye Kikorea, na ilipofika Seoul ndo moto ukawaka.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili usije ukasoma mpaka chini unanitafuta niko upande gani. Ule utani ulikuwa mbaya, hilo halina mjadala, ila kilichomzamisha Bentancur mpaka akafungiwa mechi 7 ni kwamba toka mwanzo mpaka mwisho aliamini hili ni suala lake yeye na Son, akamwomba radhi Son, akapatana na Son, akasamehewa na Son, na kila alipogeuka kuongea na watu wengine alikuwa kama anawaambia nyie hayawahusu, wakati neno alilotumia ni wote.

Angalia mtiririko wenyewe. Kelele zilipoanza akaweka maneno kwenye stori ya Instagram, akamwita Son kaka yake, akasema ulikuwa utani mbaya sana, anampenda na hawezi kumvunjia heshima yeye wala mtu mwingine. Sio mbaya kwa kuanzia. Lakini ni STORI bana, kitu kinachofutika baada ya saa 24, na watu wa Korea hilo waliliona palepale, wakasema kosa liko kwenye intaneti milele ila radhi inaisha kesho asubuhi. Mimi hapo siwalaumu. Ukimtukana mtu mchana sokoni halafu ukaenda kumnong'oneza samahani usiku dirishani, waliosikia tusi hawajasikia samahani.

Klabu ikawa kimya. Siku zinaenda, mashabiki wanajaza komenti kwenye kila posti ya Tottenham hata ya jezi, shirika la Kick It Out ambalo linapambana na ubaguzi kwenye mpira wa Uingereza likasema limepokea malalamiko mengi, klabu kimya. Mpaka tarehe 20 mwezi wa 6 Son mwenyewe akaandika kwamba ameongea na Lolo (ndo wanavyomwita Bentancur), amekosea na anajua amekosea, ameomba radhi, hakukusudia kuudhi, sisi ni ndugu na hakuna kilichobadilika. Siku hiyohiyo ndo klabu nayo ikatoa tamko, kwamba ilikuwa inasaidia jambo limalizike vizuri na kwamba wachezaji wote watapewa elimu zaidi. Hebu fikiria hiyo picha. Aliyesemwa ndiye anayetangulia kwenda kuzima moto, halafu mwenye nyumba anatokea nyuma yake na ndoo.

Na Tottenham hawawezi kusema walikuwa hawajui, hapo ndo mimi nashindwa kuwaelewa kabisa. Mwezi wa 2 mwaka 2020 Dele Alli, mchezaji wao huyohuyo, alijirekodi Snapchat yuko uwanja wa ndege Heathrow anafanya mzaha wa korona akimlenga mtu mwenye sura ya Kiasia aliyekuwa amekaa zake pale. FA, yaani chama cha soka cha Uingereza, wakamfungia mechi 1, faini pauni 50,000 na akaambiwa akapate mafunzo. Son alikuwepo kwenye kikosi wakati huo. Halafu Agosti 2022 shabiki wa Chelsea akamfanyia Son ishara ya kubagua pale Stamford Bridge, akaishia kufungiwa miaka 3 asiingie viwanjani. Mwezi wa 5 mwaka 2023 shabiki wa Crystal Palace naye akafanya ujinga huohuo, miaka 3 vilevile. Sasa klabu ambayo kapteni wake ameshafanyiwa haya na mashabiki wa timu nyingine ikalalamika, leo maneno yametoka kwenye mdomo wa mchezaji wake wa ndani inakaa siku kadhaa inatafakari! Mashabiki wa Korea walikuwa na haki ya kuuliza, kwaiyo akikosea wa kwenu mnapima kwa mzani mwingine? Na hao ni watu wanaonunua jezi kwelikweli, Tottenham kiangazi hichohicho walikwenda Seoul kucheza mechi mbili, moja na Team K League na nyingine na Bayern Munich.

Turudi kwa Bentancur. Siku moja baada ya Son kumaliza kila kitu kwa uungwana, jamaa akaandika tena. Nikisema aliharibu sijui kama nakosea. Akaeleza kwamba ameshaongea na Son, wameelewana, lilikuwa jambo la bahati mbaya, halafu akasema yeye hakumtaja mtu mwingine yeyote isipokuwa Son, kwaiyo hakukusudia kumuudhi mtu mwingine, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Ndugu zangu, kumtaja Son peke yake! Sasa wale wanaofanana wote ni kina nani? Ndo kwanza mtu wa Busan huko Korea ambaye alikuwa ameanza kusahau anaambiwa hata hukutajwa, unalia nini.

Sasa huku kwetu. Hapa Mtwara hiki kisa kilipigiwa kelele sana kwenye vibanda umiza, hasa mwezi wa 11 adhabu ilipotoka, maana ule ni msimu wa korosho, minada inaendelea, watu wana hela kidogo mfukoni na kibanda kinajaa hata mechi ambayo Simba na Yanga hawamo. Nilimsikia kijana mmoja wa Magomeni ya hapahapa akisema kwa sauti, lakini kwani uongo, si wanafanana kweli? Watu wakacheka, na mimi sishangai walivyocheka. Toka enzi za ujenzi wa bomba la gesi kwenda Dar, lile lililozinduliwa 2015, na kiwanda cha saruji cha Dangote, huku mtu yeyote mwenye macho ya namna ile anaitwa Mchina. Awe Mkorea, awe Mjapani, awe Mfilipino, akipita barabarani watoto wanamkimbilia Mchina Mchina, na sisi wakubwa tumekaa kibarazani tunaona ni burudani. Kwaiyo Bentancur angekuja kukaa hapa Mtwara ile kauli yake isingemshtua mtu, na hilo ni jambo la kujiangalia kabla hatujaanza kumnyooshea kidole.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa dereva bodaboda, Mmakonde wa Newala, akasema sisi mbona tunataniwa panya kila siku na hatujaenda FA? Kweli. Ukifika Dar ukasema unatoka Mtwara cha kwanza unaulizwa panya umekuja nao wangapi, cha pili unaulizwa kama na wewe umechanjwa chale usoni. Na tunacheka, na tunajibu. Huku kusini mtu awe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera amekua ndani ya utani, hatuwezi kujifanya hatuujui.

Lakini palikuwa na mzee mmoja pembeni, wala hakuwa anaangalia mpira sana, akamuuliza yule dereva, mtani wako akikutania wewe unafanya nini? Akajibu namrudishia. Mzee akamuuliza na kama haupo? Dereva akasita. Mzee akasema basi hapo ni kusengenya, na akaendelea kunywa chai yake.

Mimi nikaondoka na hilo. Utani wetu una masharti hata kama hayajaandikwa popote. Mtani anajulikana ni nani kwa nani, hauamki asubuhi ukajichagulia kabila la kutania. Ana zamu, leo wewe kesho yeye. Na ana wajibu pia, siku ya msiba mtani ndo huyohuyo anayekuja kufanya vituko, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe chake, wafiwa wanacheka huku wanalia, na hakuna anayemkasirikia kwa sababu amekuja, ameshika jembe, amekula nao msiba. Hata Simba na Yanga tunaowaita watani wa jadi, leo ukifungwa unakaa kimya unasubiri mzunguko wa pili. Bentancur hakuwa na hata kimoja katika hivyo kwa hao aliowaita wote. Hajui watoto wa Korea waliozaliwa London wanaitwaje shuleni, hana msiba wao, na wao hawana zamu ya kumjibu kwenye ile televisheni ya Uruguay. Na Son inawezekana kabisa ni mtani wake, wamekaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo toka Januari 2022 Bentancur alipotoka Juventus, huko ndani wanaambiana nini wanajua wenyewe. Ila utani wa ndani ukishatolewa nje mbele ya kamera anaingia mtu wa tatu ambaye hakuwa kwenye makubaliano yenu.

Sasa tuje kwenye adhabu, maana hapa ndo pana utamu wa kisheria. Mwezi wa 9 FA wakamfungulia mashtaka. Mwezi huohuo Son akaulizwa tena, akasema Lolo alipomwomba radhi ana kwa ana mazoezini alikuwa karibu kulia, anampenda, ni binadamu, watu hukosea. Tarehe 18 mwezi wa 11 hukumu ikatoka, mechi 7, faini pauni 100,000, na mafunzo. Kumbuka kwa kosa la aina hii, yaani maneno yanayogusa asili au taifa la mtu, mwongozo wa FA unaanzia mechi 6 mpaka 12, kwaiyo wale waliosema FA wamemkomoa wajue kwamba 7 iko kulekule chini.

Lakini kilichonishangaza ni utetezi wake, ulipokuja kusomeka kwenye maelezo ya tume iliyosikiliza kesi. Alikana kosa. Akasema kwamba ile kauli ilikuwa ni kejeli ya kumrekebisha mtangazaji, kwa sababu mtangazaji alimwita Son "Mkorea" badala ya kumtaja jina, kwaiyo yeye Bentancur alikuwa kama anamwambia kiutani, unaongea hivyo kwani wote wanafanana? Unaweza ukasema mawakili wamejitahidi. Tatizo ni kwamba mwezi wa 6 ulishaomba radhi kwa utani mbaya sana. Sasa ulimrekebisha mtangazaji au ulifanya utani mbaya? Tume ikaona hivyo vitu viwili havikai pamoja, radhi zake mwenyewe na tamko la klabu vinapingana na huo utetezi, ikaukataa. Mimi ningekuwa shabiki wa Korea niliyekuwa nimeshamsamehe, hapo ningemrudishia kinyongo changu chote, maana maana yake ile radhi ya mwanzo ilikuwa ya kutuliza watu tu, mwenyewe anaamini hakukosea.

Klabu ikakata rufaa, sio kupinga hatia, ikapinga ukubwa wa adhabu. Mwezi wa 12 ikatupwa. Adhabu ilikuwa ya mechi za ndani tu, Europa League akaruhusiwa. Na mechi ya kwanza kuikosa ilikuwa ile ya Jumamosi tarehe 23 mwezi wa 11 ugenini kwa Manchester City, kwetu saa mbili na nusu usiku, Tottenham wakashinda 4-0! Kibanda kizima wakawa wanasema kumbe huyu ndo alikuwa anawarudisha nyuma, afungiwe hata mwaka. Mpira huo.

Kuna wanaosema Uruguay kwao ni kawaida, ni utamaduni, Wazungu wa FA hawaelewi. Hiyo hoja sio mpya na sio ya kutupa moja kwa moja. Mwaka 2020 Edinson Cavani, Mruguay mwenzake, alifungiwa mechi 3 na faini pauni 100,000 kwa neno alilomwandikia rafiki yake Instagram, neno ambalo kwao ni la mapenzi na kwa Kiingereza linasomeka kama la kibaguzi, mpaka taasisi ya lugha ya taifa lao ikatoka kumtetea. Cavani mimi nilimhurumia, na bado namhurumia, kwa sababu alikuwa anamshukuru mtu, na aliyeandikiwa alifurahi. Ila kesi ya Cavani haiwezi kumbeba Bentancur. Kule palikuwa na mapenzi yaliyosomwa vibaya, huku hakuna mapenzi yoyote ndani ya kusema watu wa bara zima hawana sura zao.

Wengine wanauliza mbona wengine hawafungiwi. Ni kweli, mzani haulingani. Mwaka 2021 ilivuja video ya Ousmane Dembélé akiwa na Antoine Griezmann hotelini Japani, ilirekodiwa 2019 Barcelona walipokwenda ziara, mafundi wa Kijapani wanawatengenezea televisheni ili wacheze gemu na Dembélé huku anawacheka sura zao na lugha yao kwa Kifaransa, hao watu wamesimama palepale hawaelewi wanachosemwa. Kwangu mimi ile ni mbaya kuliko ya Bentancur, mbali sana. Aliyemgusa Griezmann mfukoni ilikuwa kampuni ya magemu ya Konami, ikavunja mkataba wake wa ubalozi wa gemu la Yu-Gi-Oh!, na bosi wa Rakuten waliokuwa wadhamini wa jezi ya Barcelona akalalamika hadharani. Na mwezi mmoja tu baada ya Bentancur, Julai 2024, Enzo Fernández akaenda laivu Instagram kwenye basi la Argentina baada ya kubeba Copa América, wanaimba wimbo wa kuwadhihaki wachezaji wa Ufaransa wenye asili ya Afrika. Wesley Fofana aliyekuwa anacheza naye Chelsea hakusubiri, aliweka ile video kwenye ukurasa wake na kusema wazi kwamba ni ubaguzi. Linganisha na Son. Sisemi Son alikosea kusamehe, kila mtu na moyo wake na yeye ni kapteni, ila huruma ya Son ndiyo iliyowapa Tottenham nafasi ya kujificha, wakati Fofana aliwanyima Chelsea hiyo nafasi na ndani ya siku moja mbili klabu ikawa imeshatangaza hatua za kinidhamu.

Nawaza na vijana wetu. Siku hizi basi la timu likitoka Ruangwa au likiingia Mtwara kwa mechi ya uwanja wa Nangwanda Sijaona simu tano ziko laivu, mmoja anaigiza lafudhi ya Mkongo wa timu, mwingine anamwita mwenzake majina ya ngozi, komenti zinajaa vikatuni vya kucheka. Msemaji wa klabu naye yumo anacheka. Hiyo klipu inakaa, mchezaji anapata timu nje miaka mitatu baadaye na mtu mmoja anaichimbua. Viongozi wa klabu za huku wakiniuliza (hawataniuliza) ningewaambia wasihangaike na semina ya siku nzima hotelini na posho, wawaonyeshe hiki kisa tu, hatua kwa hatua, na wamuulize kila mmoja, ungekuwa Bentancur asubuhi ile klipu imesambaa ungefanya nini.

Jibu langu mimi ni hili. Video ya dakika moja, uso wake, Kihispania chake hichohicho, inakaa kwenye ukurasa haifutiki: nimesema watu wa Asia wanafanana, nilikuwa nachekesha, ni dharau kwa Sonny na kwa Wakorea wote na kwa kila aliyewahi kuambiwa hivyo, naomba radhi. Klabu inatoka siku hiyohiyo kabla ya Son. Mwezi wa 9 mashtaka yakija anakubali kosa, hakuna stori ya kumrekebisha mtangazaji. Angefungiwa bado, nina uhakika, pengine mechi 6 za chini kabisa, ila ile hukumu isingekuwa na kurasa za kumuonyesha kwamba anajipinga mwenyewe.

Mwezi wa 5 mwaka 2025 Tottenham walichukua Europa League kule Bilbao, 1-0 dhidi ya Manchester United, Bentancur alianza, Son aliingia akitokea benchi na akanyanyua kombe. Yule kijana wa Magomeni akanigeukia, unaona, si walishamalizana hawa? Nikamwambia walimalizana toka tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka jana na hakuna aliyebisha. Akasema basi FA walikuwa wanatafuta nini. Nikaanza kumweleza kwamba kule FA Son hakuwa mlalamikaji, akasema ngoja kwanza tuangalie medali.